Somoe na Ua la Zambarau

Majengo, Songea
Jumapili asubuhi, mwezi wa saba

Kwako Mama yangu,

Assalaam alaikum, Mama, na shikamoo ya asubuhi pamoja na ya jioni, maana sijui barua hii itakukuta saa ngapi. Mimi binti yako Saada ni mzima, Alhamdulillahi. Nina mafua tu, na mafua ya Songea mwezi huu wa saba si ugonjwa, ni mgeni wa kila nyumba. Mume wangu Abdulhamid yuko salama, alitoka juzi na lori la mahindi kwenda Makambako. Mjukuu wako Somoe ni mzima kuliko sisi sote. Sasa hivi amekaa miguuni pangu na kijiko mkononi, anachimba sakafu ya saruji, na anaamini itachimbika.

Nanyi huko Lusewa mnaendeleaje? Goti la Baba linasemaje na baridi hii? Mahindi mmeshayaingiza ndani yote? Na tumbaku, mmeshafunga marobota? Mjomba Hamisi alipopita kwangu aliniambia mwaka huu majani yametoka mapana na moshi umeyashika vizuri. Nikafurahi, Mama. Nikaisikia harufu ya bani letu la kukaushia tumbaku puani kama vile nimesimama mlangoni pake, na macho yakaniwasha kabisa, na moshi wenyewe haupo.

Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Mama, simu ni ya Baba, na Baba akipokea anaiweka ile sauti ya kusikika nje, kina mama wote wanaotoka kisimani wanasimama kunisalimia mmoja mmoja, mwisho tunajikuta tunaongelea sabuni na nani kaolewa, mpaka salio linakwisha. Haya niliyo nayo leo hayafai kusemwa mbele za watu wenye ndoo kichwani. Wewe unasoma, polepole lakini unasoma. Chukua miwani ya Baba, nenda kakae nyuma ya jiko, usome peke yako.

Mjomba alinifikishia maneno yako yote, hakuacha hata moja. Kwamba mwezi ujao Somoe anatimiza miaka yake miwili ya kunyonya, na akishaacha ziwa utakuja mwenyewe kumchukua akakae kwako. Kwamba nimwandalie nguo zake. Kwamba hapa hapana la kufikiri, ndivyo tulivyokuta kwetu, mtoto wa kwanza wa kike analelewa na bibi yake ili mama yake apate nafasi ya kufanya kazi. Akaniambia umeshamsukia mkeka mdogo wenye mstari mwekundu pembeni, umeutandika karibu na kitanda chako, na kwamba siku hizi nyumba imekuwa kimya, unamsubiri huyo mtoto kuliko unavyosubiri siku ya kuuza tumbaku.

Niliposikia habari ya mkeka niliinuka. Nikachukua birika nikammiminia chai, na kikombe chake kilikuwa kimejaa. Mjomba akaruka, akasema Saada, unataka kunikogesha? Tukacheka. Wakati wa kuondoka akasema atakwenda kukwambia nimekubali. Mimi sikusema nimekubali, Mama. Sikusema pia kwamba nimekataa. Nilisimama tu mlangoni nikipunga mkono kama mtu asiye na mdomo.

Jibu langu limo humu ndani, ila nisamehe, siwezi kuanza nalo. Nitaanza na habari ya ua, ndipo utaelewa.

Huku mjini, Mama, mmea wowote wa kupendeza unaitwa ua hata kama hautoi ua lolote la maana. Basi mwenye nyumba wetu, Mama Valence, analo ua la namna hiyo barazani kwake. Huyu Mama Valence ni mjane, Mkristo, Mngoni wa hapa hapa mjini tangu mababu, na mdomo wake hauna breki. Ua lenyewe limo kwenye sufuria kuukuu iliyotoboka, linatambaa na kuning'inia mpaka karibu ligonge sakafu. Jani lake ni refu kama ulimi. Mgongoni lina mistari miwili inayong'aa kama fedha, lakini ukiligeuza tumboni ni zambarau tupu, ile zambarau iliyoiva, ya joho la padri wakati wa Kwaresima, ndivyo Mama Valence anavyosema. Mimi nikiliona nakumbuka mawingu ya Lusewa jua likishazama, yale ya mwisho kabisa kabla hujawasha taa.

Mwaka jana majira kama haya Somoe alikuwa anaota meno, halali, hanyamazi. Nilikuwa natoka naye nje mapema nimemfunga mgongoni ili Abdulhamid apate usingizi. Ukungu unashuka kutoka Matogoro, unaingia mtaani polepole, unafunika maduka, unafunika watu, unabaki unasikia kengele za baiskeli na watu wakikohoa bila kuwaona. Unakuwa kama uko ndani ya maziwa. Asubuhi moja tulikuwa tumesimama barazani kwa Mama Valence, jua likatoboa ule ukungu mara moja, likayapiga majani yale kwa nyuma. Mama, yaliwaka. Yote yakawa taa. Rangi yake ikaanguka mashavuni kwa Somoe, akanyamaza hapo hapo. Akanyoosha kidole, hakugusa, alikionyesha tu kile kitu, akatoa sauti moja ndefu kama ya mtu anayeuliza. Nikakaa pale, sijui kwa muda gani. Uji wangu uliungua ndani na sikusikia harufu.

Mama Valence akatoka na kitenge begani, akatukuta. Akasema huyu mwanao mtoto wa mpangaji lakini macho yake ni ya mwenye nyumba. Akakata kitawi chenye vifundo kama vya muwa mdogo, akanipa, akasema chukua, nisiwakute tena kesho mmenisimamia barazani kama mgambo wa kodi.

Nilikiweka kwenye chupa ya siagi ya karanga yenye maji, nikaiweka dirishani. Baada ya siku si nyingi kwenye kifundo kikatoka kitu cheupe, chembamba kama uzi wa kushonea, kikateremka majini. Kikafuata kingine. Basi ikawa ndiyo kazi yetu mimi na Somoe. Nikimnyonyesha tunaangalia mizizi. Anaacha ziwa, anaangalia, anarudi. Sijui nikuelezeje raha ile. Nyumba ya chumba kimoja, mume safarini, mvua ya manyunyu juu ya bati, na nyie wawili mnaangalia nyuzi nyeupe zikirefuka ndani ya chupa. Kuna siku nilikuwa naota niko macho. Naona ukuta wote wa chumba umefunikwa na majani yale, na Somoe amekuwa mkubwa anapita katikati yake akiniita.

Ila usidhani mambo yalinyooka. Nilipolihamishia kwenye kopo la udongo nililimwagilia asubuhi na jioni kama tunavyomwagilia vitalu vya tumbaku, na kopo lenyewe sikulitoboa chini. Majani yakalegea. Baridi nayo ilikuwa imezidi. Mimi sikuwaza habari ya maji, nikasema hii ni baridi inaliumiza. Na mimi, Mama, mtoto wa bani, nijue nini kuhusu jani zaidi ya kwamba jani linataka joto na moshi? Nikafunga waya kwenye boriti ya jiko la uani, nikalitundika juu ya moto wa kuni, nikajisifu kabisa.

Utacheka. Kurudi kuliangalia, limekunjika, limekuwa kahawia, limekauka vizuri kama lile la robota la daraja la kwanza. Mama Valence aliingia jikoni kutafuta kiberiti, akainua uso. Akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Saada, mimi nilikupa ua, wewe umeniletea tumbaku! Sasa tulivute hili au tulisage tunuse ugoro? Majirani wakaja. Mmoja akachukua jani akalisogeza puani, akajipigisha chafya ya uongo mpaka akashika ukuta. Kwa wiki nzima nikipita bombani wananiita Bwana Shamba. Nilicheka nao, lakini nilipoingia ndani Somoe akanyoosha mkono kwenye lile dirisha tupu, akatoa ile sauti yake ya kuuliza. Nikaona aibu mbele ya mtoto.

Ni Mama Valence huyo huyo aliyerudi jioni. Akapekua kile kitawi kwa kucha, akakuta kifundo kimoja bado kibichi. Akasema hapa bado pana roho. Akanikalisha chini kama mwari, akanifundisha. Kopo litobolewe chini. Udongo uchanganywe na mchanga kidogo. Usimwage maji kwa kalenda, chomeka kidole kwenye udongo, kikitoka kikavu ndipo umwagilie. Jua la asubuhi ndiyo, jua la mchana hapana. Na moshi, akasema, moshi uwaachie watu wa Lusewa na samaki.

Kifundo kile kikashika. Na hapo, Mama, na mimi nikapata la kwangu la kufundisha. Kitawi kilipokuwa kirefu kilianza kuwa mifupa, majani machache huku na huku. Nikakumbuka tunavyoikata tumbaku kichwa ikitaka kutoa maua, ili nguvu irudi kwenye majani. Nikakata ncha zote. Mama Valence nusura anichape, akasema juzi ulilichoma, leo unalichinja. Nikamwambia tusubiri. Basi kila nilipokata pakachipua pawili, likawa kichaka. Na zile ncha sikuzitupa, nilizichomeka kwenye makopo mengine ya rangi, ya mafuta, ya maziwa ya unga, na zote zikashika. Mpaka mvua zinaanza, mlango wetu ulikuwa haufunguki vizuri kwa ajili ya makopo.

Sasa turudi kwenye ile kazi. Unakumbuka mwaka jana nilikwambia kwamba Mzee Otto, mwenye gesti karibu na stendi, atanipa kazi ya kufua mashuka na kupika supu alfajiri, ila hataki mtoto mgongoni. Ndipo wewe ukasema basi Somoe akishaacha ziwa aje kwako, nami nikaitika ndiyo. Abdulhamid naye akaitika. Sikatai, niliitika. Wakati ule sikuona njia nyingine, na Abdulhamid peke yake na lori lile, leo linatembea kesho limelala gereji, tusingeweza.

Mzee Otto alikuja mwenyewe mwezi wa tatu kuuliza kama bado naitaka kazi. Akakuta nimekaa barazani katikati ya makopo, Somoe amelala kwenye mkeka, na mwanga ule wa zambarau umemwagika juu yake kama shuka. Mzee wa watu akasimama. Akavua kofia. Akauliza haya yanauzwa? Mimi sikuwahi kufikiri yanauzwa. Mama Valence kutoka ndani kwake akajibu kabla yangu, kwa sauti, yanauzwa, na usije na maneno ya bei ya jamaa. Mzee akachukua ya kuweka kila chumba. Baada yake akaja Beata, yule mwenye saluni, akataka ya kuning'inia mbele ya vioo. Kisha bibi harusi mmoja akataka ya ukumbini.

Siku chache baadaye Mzee Otto akarudi amefura. Saada, umeniuzia zambarau, limegeuka mchicha! Nikaenda kuangalia. Kweli, Mama. Vyumba vya kule nyuma ni vya giza, madirisha yanatazama ukuta. Majani yalikuwa hai, hayakunyauka hata moja, lakini rangi yote ilikuwa imeondoka. Yamekuwa ya kijani cha kupauka, marefu, yamenyoosha shingo kuelekea mlangoni. Nilisimama katika kile chumba nikajisikia vibaya, sijui hata kwa nini. Maji lilipewa. Udongo lilikuwa nao. Hakuna aliyelitesa. Lakini halikuwa lile.

Nikamwambia Mzee tubadilishane. Ya vyumba vya giza nitakuja kuyachukua, niyaweke barazani kwangu yapate jua, na mengine nilete. Akakubali. Akasema basi hiyo ndiyo iwe kazi yako, mashuka atafua mwingine, uje kuyatunza haya, uyamwagilie, utoe majani yaliyokufa, uyazungushe. Nikauliza, na mtoto? Akamtazama Somoe aliyekuwa ameingia chini ya kitanda cha wageni, akasema kwani fundi mkuu si ndiye huyo? Tangu hapo ndivyo ninavyofanya, Mama, kwake na kwa Beata na kwa wengine wawili. Nakwenda na Somoe mgongoni, narudi naye mgongoni. Si utajiri, lakini sukari haikosekani, na chumba nimelipia mwenyewe safari hii, Abdulhamid akawa anatembea mtaani kama bwana aliyeolewa yeye.

Yale yaliyopauka yakikaa barazani, rangi inarudi. Hairudi mara moja. Inaanzia tumboni mwa jani, mstari mdogo, kisha inapanda. Somoe ndiye anayeiona kwanza. Anakuja ananivuta kidole.

Mama, sasa nifike pale ninapopazunguka tangu mwanzo wa barua. Weka miwani vizuri.

Hukuwahi kuniuliza niliishi vipi Namasakata kwa Bibi uliponipeleka mdogo, na mimi sikuwahi kusema, kwa sababu niliishi vizuri. Mungu amrehemu Bibi, alinipenda, sikulala na njaa hata siku moja, alinipaka mafuta mpaka nikateleza. Ila kuna jambo moja sijamwambia mtu, hata Abdulhamid nimemwambia juzi tu. Uliponiacha kule uliacha na kanga yako ya kunifunika. Kila nilipolia Bibi alinifunika na ile kanga, akaniambia huyu hapa mama yako, lala. Alikuwa ananibembeleza tu, maskini. Lakini mimi nilikuwa mdogo nikaamini. Miaka yote ile, Mama, nilijua mama ni kanga. Wenzangu wakisema mama yangu kapika, mama yangu kanichapa, nilikuwa nashangaa, nguo inachapaje? Nikadhani wananidanganya. Mimi wa kwangu nilikuwa namkunja vizuri asubuhi, nikamweka juu ya sanduku. Ilipozeeka ikachanika, Bibi akaikata vipande vya kushikia sufuria. Nililia mpaka wakaniletea mganga. Hawakujua kwamba mimi nimefiwa.

Ndiyo maana siku ulipokuja kunichukua nianze shule nilikimbia nikajificha nyuma ya kihenge cha mahindi. Mpaka leo mnaisimulia ile habari mkicheka, na mimi nacheka nanyi, mnasema Saada alikuwa mtukutu. Haukuwa utukutu. Mama yangu alikuwa ameshakwisha, na sasa amekuja mwanamke anasema yeye ndiye mama, na alikuwa na mikono.

Hukunivuta. Hilo nalikumbuka na sitalisahau. Ulikaa chini mchangani na nguo zako nzuri za safari, ukawa unamenya muhogo. Ukaweka kipande karibu na kihenge, ukageuza uso kando. Nikala. Ukaweka kingine karibu yako zaidi. Nilikuja kwako kwa ajili ya muhogo, Mama, si kwa mapenzi. Nikakuona unafuta macho na mkono wenye udongo, nikadhani moshi. Mapenzi yalikuja, wallahi yalikuja, lakini yalichelewa njiani. Nilipoanza kukuzoea nilikuwa nimeshakuwa mwari, nilipoanza kukujua nikaolewa, nikaja huku.

Sikulaumu. Usisome hata mstari mmoja ukaona lawama. Ninakumbuka bani lile. Unakesha na moto, moshi unakata pumzi hata ya mtu mzima, na mimi nilikuwa mtoto wa kifua. Ungebaki nami mle ndani ningekufa. Uliniondoa ili niishi, na nimeishi. Sasa nina mtoto, ndipo nimejua kwamba siku ile Namasakata aliyeumia zaidi siyo aliyekuwa nyuma ya kihenge.

Basi jibu langu ni hili. Somoe hatakuja kukaa Lusewa. Nimelisema. Najua Mjomba atasema nimejifanya wa mjini. Najua ndugu watasema nimekunyima haki yako, na kweli kwa desturi yetu ni haki yako. Waambie si mji, wala si Abdulhamid, yeye amesema nikusikilize wewe na moyo wangu, akapanda lori akaniachia. Ni mimi. Somoe ananijua akisikia ndala zangu tu. Nikiingia giza likiwa limeshika, hanioni, lakini anacheka. Siwezi kumfanya aanze upya.

Lakini sikukatazi, Mama, nakuita. Usije kumchukua, njoo ukae. Mkishauza tumbaku, kabla ya kuandaa vitalu, hapo katikati kuna wiki nyingi ambazo huwa unakaa unapepeta mahindi yasiyo na taka. Mke wa Mjomba atampikia Baba, na Baba mwenyewe anajua kupika ugali, asikudanganye. Mama Valence amesema atakupa chumba kidogo cha pembeni bure, kwa sharti moja, umsikilize anapoongea. Asubuhi tutakaa barazani. Hutafanya kazi yoyote. Nitakuchemshia maji ya kuoga. Nitakusuka.

Mjomba alisema unamtaka mtoto kwa kuwa nyumba imekuwa kimya. Mimi nimelala na neno hilo, nimeamka nalo. Mama, mtoto anayekuhitaji si Somoe. Somoe akigeuka mama yake yupo. Ni mimi. Mimi ndiye niliyebaki sijakaa nawe, na nimefikisha umri huu bado nakutaka, naona haya hata kuandika.

Nisalimie Baba sana, mwambie akande goti kwa maji ya moto, asisubiri kuambiwa. Nisalimie Mjomba Hamisi na mkewe na watoto, na kina mama wa kisimani wote, hao usiwaambie kilichomo. Abdulhamid akirudi najua angesema umpokelee salamu, basi zipokee mapema. Somoe ameshika kalamu hapa chini, huo mstari uliopinda ni wake, ameandika mwenyewe. Mungu akuweke, akupe afya na safari nyepesi. Nitakuwa stendi siku yoyote utakayosema.

Mimi mwanao,
Saada